Saa tatu ya Lamu

Jana usiku binti yangu alikuja na daftari lake la hesabu. Bibi yake alikuwa amemwambia kesho waamke saa kumi na mbili, na simu niliyomtegea kengele ikaandika 6:00. "Baba, ipi ndiyo ya kweli?" Nikamwambia zote mbili ni za kweli. Akaridhika, akaenda kulala. Mimi ndiye niliyekaa macho.

Ilikuwa 2011, enzi za ile ofisi ya kununua samaki, makao makuu Mombasa, tawi Lamu mjini mbele ya bahari. Kazi yangu ilikuwa hifadhidata, yaani daftari la hesabu lililomo ndani ya kompyuta. Wavuvi wa Kizingitini na Faza, kisiwani Pate, walileta mzigo dirishani Lamu, hesabu ikaingizwa kwenye kompyuta, na malipo pamoja na makato ya mikopo ya mashine za boti yakafanyika Mombasa. Kwa hiyo pande zote mbili zilihitaji kusoma na kuandika akaunti zilezile.

Nilikuwa na njia tatu. Ningeweza kuweka hifadhidata moja tu Mombasa, Lamu iandike huko kwa mtandao. Lakini tulikuwa tunatumia modemu ya simu, na mtandao ukikatika dirisha linafungwa, huku barafu inayeyuka. Ningeweza kuweka mbili zinazokubaliana papo hapo, mauzo ya Lamu yasihesabiwe mpaka Mombasa nayo ijibu kwamba imeyaandika. Hiyo ni salama zaidi, ila mtandao ukikatika inasimama vilevile. Nikachagua ya tatu: kila upande uandike kwake bila kungoja, na mtandao ukipatikana, programu ipeleke na ilete mabadiliko. Pande mbili zikiwa zimegusa akaunti moja, aliyeandika mwisho ndiye anayebaki.

Niliipenda kanuni ile kwa wepesi wake. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport alionyesha tangu 1978 jinsi ya kupanga matukio ya mashine zilizo mbalimbali kwa kuhesabu, bila kutegemea saa. Nilimsoma chuoni, nikafaulu mtihani, na nilipofika kazini nikaacha "mwisho" uamuliwe na saa ya kila kompyuta.

Miezi ilipita salama. Siku niliyovuka kutoka Mokowe, gati la bara, kwa ziara ya kawaida nilimkuta mzee mmoja wa Kizingitini amekaa kwenye benchi la dirishani, kofia ameivua na kuiweka gotini. Kijana wa dirishani akaninong'oneza kwamba yuko pale tangu asubuhi, hataki kuondoka.

Nikamwamkia. Akaitikia, akatoa mfukoni mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi, na ndani yake stakabadhi yenye mhuri wetu: kamba kilo 14. "Mwanangu," akasema, "mimi kamba nimewatoa majini kwa mkono huu. Mashine yenu yasema sikuleta kitu."

Nikafungua akaunti yake. Kulikuwa na makato ya mkopo kutoka Mombasa, siku ileile ya stakabadhi. Kamba hawakuwamo. Nikamuuliza kama ana hakika na tarehe, na hapo aliniangalia kwa namna ambayo mpaka leo sijaisahau. Hakukuwa na hasira, alikuwa ananionea haya kwa niaba yangu.

Adhana ya adhuhuri ikaanza. Mzee akainua kichwa, "Saa sita na nusu hii, haya." Nikatupa jicho pembeni mwa kioo cha kompyuta: 6:24. Nikaona sawa. Wallahi niliona sawa, nikaendelea kutafuta. Mpaka nilipotoa simu mfukoni nizime mlio, nikasoma 12:24.

Nilimgeukia kijana. Akaeleza bila wasiwasi wowote: siku 11 nyuma umeme ulikatika usiku, betri ndogo ya ndani ikawa imekufa, na asubuhi kompyuta ilipowaka ikaomba saa. Ilikuwa saa tatu. Akaandika tatu.

Hakukosea. Lamu nzima ilikuwa saa tatu. Lakini tangu siku hiyo kila tulichoandika Lamu kilionekana kimeandikwa saa sita nyuma. Mzee aliuza kamba saa nne asubuhi, kompyuta ikaweka 4:00. Mombasa ilikuwa imekata mkopo kabla yake, 8:20 kwa saa iliyo sahihi. Programu ikalinganisha, ikaona Mombasa ndiyo ya mwisho, ikaandika salio la Mombasa juu ya la Lamu. Na mimi nilikuwa nimeweka salio la kila mvuvi katika mstari mmoja, kwa hiyo kilo 14 hazikubaki popote.

Kurekebisha kulichukua siku chache. Kila mauzo yakapewa mstari wake na namba ya tawi, Lamu isiguse mstari wa Mombasa wala Mombasa wa Lamu, na salio litafutwe kwa kujumlisha. Kujumlisha hakujali nani ametangulia. Wazo lilitoka kwenye karatasi ya mzee yule: ilikuwa na namba yake, na haikuhitaji saa.

Mzee alilipwa. Ila stakabadhi za mkono nilikuwa nimeziondoa mimi mwenyewe, nikasema kompyuta inatosha. Kijana aliwaandikia wale tu waliong'ang'ania. Tulipotangaza gatini, waliokuwa na karatasi walilipwa. Wengine walikuja na maneno matupu, wengine hawakuja. Bakapu, yaani nakala ya akiba, ilikuwa ikichukuliwa kila usiku baada ya programu kusawazisha pande mbili. Nilikesha nikilinganisha hifadhidata ya Lamu na ya Mombasa, mstari kwa mstari, nikitafuta hata alama ya waliopotea. Zililingana zote.