Hesabu ya Mfanyakazi wa Kumi

Karakana yetu iko Njiro, Arusha, na tunashona mahema na mapazia ya turubai kwa ajili ya kambi za watalii. Mimi ni mhasibu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2023 tulikuwa wafanyakazi tisa na oda zilikuwa zimetuelemea, ndipo alipokuja kuomba kazi binti aliyesomea ushonaji VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambaye mguu wake wa kulia umepooza tangu utotoni na hutembea kwa magongo. Tulimpa kipande cha turubai cha majaribio. Alikigeuza kiti upande, akakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, na mshono alioutoa ulinyooka kuliko wa baadhi ya mafundi wetu wa siku nyingi.

Mwenye kampuni, ambaye sote tunamwita Mama, alitaka aanze kazi Jumatatu iliyofuata. Kilichomrudisha nyuma ni karatasi niliyompelekea mimi mwenyewe. Tangu mwaka 2021, mwajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, yaani SDL, anapofikisha wafanyakazi kumi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa wanne. Tukiwa tisa hatukudaiwa hata senti, lakini wa kumi akiingia, tozo huhesabiwa kwa mishahara ya wote wala si kwa mshahara wake peke yake. Mishahara yetu pamoja na wake ingefika shilingi 4,500,000 kwa mwezi, na asilimia 4 ya hizo ni 180,000. Ukijumlisha mshahara wake wa 300,000, mchango wetu wa 30,000 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na 1,500 za mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mtu mmoja alikuwa anatugharimu 511,500.

Mama akaniuliza kama hakuna nafuu ya kodi kwa anayeajiri mtu mwenye ulemavu, kwa sababu mteja wetu wa Nairobi alikuwa amemweleza kwamba kwao ipo. Ni kweli ilikuwepo: sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi kuomba apunguziwe, katika mapato yanayotozwa kodi, asilimia 25 ya mshahara wa mfanyakazi huyo, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha mahali pa kazi. Nilipoisoma Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 sikukuta kifungu kama hicho. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu, jambo ambalo halikutugusa sisi tuliokuwa tisa. Niliumia kuona kwamba binti aliyefundishwa katika chuo cha VETA, ambacho sehemu ya fedha zake hutokana na SDL hiyohiyo, alikuwa akizuiwa mlangoni na tozo iliyomsomesha.

Nikaketi tena na vitabu. Kampuni yetu hulipa asilimia 30 ya faida, na gharama zote hizo hutolewa kabla ya faida kuhesabiwa, kwa hiyo zile 511,500 kwa uhalisia zilikuwa 358,050. Kisha nikaorodhesha oda tulizokuwa tumezikataa kwa kukosa mikono katika miezi mitatu iliyopita. Mama alipoyaona mahema manne tuliyomwachia mshindani wetu, hakuhitaji maelezo zaidi. Kwa upande wa binti mwenyewe, mchango wake wa NSSF wa 30,000 ukitolewa, zinabaki 270,000, ambazo ndizo kikomo cha kuanzia PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Akawa hakatwi kodi.

Pedali tuliihamishia kushoto, na fundi wa kuchomelea akatengeneza kibao cha kuegemeza mguu wa kulia. Hapo nilifanya kosa ambalo nawaomba wahasibu wenzangu waliepuke: nilimlipa fundi taslimu bila risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti za kodi, na gharama hiyo ikashindikana kuingizwa kwenye hesabu za kodi, ingawa kazi ilifanyika na kila mtu anaiona. Marekebisho ya pili, yaani ngazi ya mlangoni tuliyoigeuza kuwa mteremko wa saruji, nilimpa mtu mwenye mashine.

Julai 2023 SDL ilishushwa hadi asilimia 3.5, nasi tukaokoa 22,500 kila mwezi. Mwaka uliofuata binti, ambaye sasa ndiye anayekagua mishono ya mahema yote kabla hayajafungwa, alinifuata ofisini. “Kaka, nina mwenzangu tuliyesoma naye, ni kiziwi, anakata turubai vizuri sana. Naye atawapandishia ile tozo?” Nilimwonyesha kwenye karatasi kwamba ukuta ulikuwa kwa mtu wa kumi tu; wa kumi na moja, kwa mshahara wa 300,000, angeongeza SDL ya 10,500. Akaichukua karatasi ile akaipeleka kwa Mama mwenyewe.