Maswali 10 ya Mama Mzazi

Kabla ya kupewa viza ya Uingereza tulilipa ada ya afya ya wahamiaji, pauni 1,035 kwa kila mtu mzima kwa kila mwaka, na niliinung'unikia ada hiyo (mnaojua bei za soko la Majengo, Dodoma, pigeni hesabu) mpaka wiki ya 6 baada ya kujifungua, muuguzi aliponitembelea hapa Leeds, akampima mtoto uzito, kisha akanikabidhi karatasi ya maswali 10 yaliyonihusu mimi mwenyewe.

Mwanzoni nilikasirika. Kwetu Dodoma mtu akikuuliza habari za akili yako, unachosikia ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, nami nikadhani anatafuta sababu ya kuninyang'anya mtoto. Alinieleza kwa utulivu kuwa ni kipimo cha Edinburgh cha sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kujifungua, kilichochapishwa mwaka 1987, kinachouliza hali ya mama katika siku 7 zilizopita: kama bado anacheka, kama anajilaumu bila kosa, kama analia, na mwisho kabisa kama amefikiria kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Alama nyingi hazithibitishi sonona; zinaonyesha tu kwamba mama huyo anapaswa kuonana na daktari. Mimi nilipata 16 kati ya 30, na hadi siku ile hata mume wangu hakujua kwamba usiku nakesha macho makavu mtoto akiwa amelala.

Nyumbani ningekandwa kwa maji ya moto, ningenyweshwa uji wa uwele, na nisingeshika jiko hadi arobaini. Ni mapenzi makubwa hayo, na huku niliyakosa mno. Lakini mdogo wangu aliyejifungulia Chamwino aliyapata yote, na bado alilia miezi mitatu huku akiambiwa anadeka. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, huku mzazi huulizwa kama maziwa yanatoka."

Dada zangu mnaojiandaa kuja kuzalia Uingereza, jibuni maswali hayo kwa ukweli, na Kiingereza kikiwa kizito ombeni mkalimani, kwa kuwa hamtamlipa. Nanyi wauguzi wa kliniki za nyumbani, chanjo ya wiki ya 6 huwaleta kina mama kwenye mabenchi yenu. Mtoto akishapimwa na kadi kujazwa, mchukueni mama pembeni kwa dakika 5, asiyejua kusoma asomewe, mbali na masikio ya wifi na mama mkwe.