Sauti ya nne, C ya chini na ushauri wa hovyo niliopewa

Naimba besi kwenye kwaya hapa Kigoma miaka mingi. Mwaka jana mwalimu akatuletea wimbo wa Pasaka ambao mwishoni besi tunashuka mpaka C ya chini kabisa, ile ya mitetemo kama 65 kwa sekunde, na mi E tu (82 hivi, ambapo besi wengi ndo huishia) ilikuwa inakwaruza kama bati. Basi kila mtu akawa daktari. Mmoja vuta sigara, mwingine kapige makelele ziwani mpaka koo likauke.

Ila wa mawese ndo alinimaliza. Mzee mmoja wa Ujiji, namheshimu sana, akaniambia "mwanangu, koo kavu halishuki, kunywa mawese ya vuguvugu." Nikanunua ya elfu mbili tatu hivi, nikapasha, nikashusha kikombe kabla ya mazoezi. Jamani! Noti ya kwanza ukatoka mbeuo kwenye maiki, ya pili sikuisubiri nikakimbilia chooni, masoprano wamelaliana kwa kicheko, mwalimu kafunga daftari, na shati langu jeupe lina doa mpaka kesho. Sauti haikushuka hata nusu noti, na ingeshukaje, unachomeza kinapita njia ya chakula wakati nyuzi za sauti ziko njia ya hewa, mafuta yakifika huko umepaliwa.

Kilichonisaidia ni asubuhi. Ukitoka kulala nyuzi zimevimba kidogo na zimelegea, sauti iko chini bure bila kulipia, so nilikuwa naamka, nafungua programu ya kupimia noti kwenye simu, naitafuta C kwa sauti ndogo, alafu kila wiki nasogeza saa mbele kidogo mpaka ikakubali jioni. Usisukume! Ukikandamiza nyuzi zinakaza na noti inapanda, we legeza taya, toa pumzi kidogo tu.

Ujanja wenyewe sasa ni maiki. C yangu haina nguvu, ila maiki ya kushika ukiibandika karibu na mdomo inaongeza besi yenyewe. Fundi mitambo akaniachia maiki yangu peke yangu, siku ya Pasaka watu wakageuka kumwangalia mpiga kinanda, kumbe ni mimi hahaha. Najua Warusi watanicheka, kanisani kwao Waorthodoksi hawapigi vinanda, wana besi wanaitwa oktavisti wanaoimba oktava nzima (ngazi ya noti nane) chini ya besi wengine, na mtunzi wao Rachmaninoff kwenye ule utunzi wake wa kwaya, Mkesha, wa 1915 aliwashusha mpaka B flati, chini ya hii C yangu, bila spika. Sawa, wao wana oktavisti, mi nina fundi mitambo.

Na nyie matena mnaonisumbua inboksi mkitaka kushuka kama mimi, urefu na unene wa nyuzi huongezi kwa mazoezi. Kama alfajiri kabisa bado unakwama kwenye A, ile ya juu ya E yangu, baki huko huko, matena wenyewe tunao wawili na mmoja anahamia Kasulu.