Siku moja jikoni: kuku wa kigeni, viazi vya kwetu

Saa 4 asubuhi. Nasimamia jiko katika tawi la mkahawa wa kuku wa kigeni hapa Mombasa. Jina na mapishi ni ya ng'ambo. Mwenye tawi ni mfanyabiashara wa hapa hapa Mombasa, analipia haki ya kuyatumia. Lori la kuku likifika, naangalia cheti cha halali kabla ya kreti hata moja kushuka. Kwa hilo mji huu hauna mjadala.

Saa 5. Viazi vimefika kutoka soko la Kongowea, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Januari 2022 KFC Kenya waliishiwa na vibanzi kwa sababu viazi vyao vilitoka nje na meli zilichelewa, ilhali Nyandarua wakulima wanalima viazi mwaka nenda mwaka rudi. Wakenya walichachamaa mitandaoni, kampuni ikasema itatafuta wauzaji wa humu nchini. Nilifurahi, ingawa kazi yenyewe si nyepesi. Shangi, aina ya viazi vya hapa nchini, ina macho yaliyozama, kwa hiyo kiazi kingi huishia kwenye maganda. Huchipua upesi. Ukiiweka kwenye baridi kali, wanga hugeuka sukari na vibanzi vinakuwa vyeusi kwenye mafuta. Basi tunanunua kidogo kidogo, tunakata, tunaosha mpaka maji yatoke safi, tunakausha, tunakaanga mara mbili. Inawezekana kabisa.

Saa 7 mchana. Ni Ramadhani, meza tupu.

Saa 11 jioni. Oda za futari zimefuatana. Mama mmoja, mteja wetu wa siku zote, amekuja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuku wenu mtamu, lakini pilipili ya ukwaju iko wapi?"

Nikamweleza kwamba ombi liko makao makuu. Bila idhini hatuongezi hata kitoweleo. Hapo naona wanakosea. Kuku wasimguse, ndiye jina lao. Pilipili wauachie mji.

Magharibi. Kaunta inasimama dakika chache, waliofunga wapate tende na maji. Kitabu cha kampuni hakikuwa na ratiba hii. Mwenye tawi aliiomba, ikakubaliwa.

Saa 3 usiku. Watu wa tarawehe wameingia kwa kundi, M-Pesa zinalia mfululizo.

Saa 4. Namtumia dalali wa Kongowea oda ya kesho: viazi vya wastani, vikavu, visiwe na rangi ya kijani.