Ukipanga Ghorofani Texas, Nyama Utaichomea Wapi?

Barua iliyobandikwa mlangoni kwangu ilinidai dola 150 kwa kosa la kuweka jiko la makaa kwenye roshani. Jiko lenyewe lilikuwa bado halijaona kiberiti. Lilisimama kwenye kona, ndani ya mfuko wake, likingoja Jumamosi. Mimi nimetoka Nakuru, mji ambamo mpangaji wa chumba kimoja huwasha jiko mbele ya mlango wake jioni, jirani akasogeza nguo alizoanika, na maisha yakaendelea. Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Sasa baba, hiyo kodi unalipa wewe, au kuna mtu anakulipia?"

Nimepokea maswali mengi kutoka kwa vijana wanaojiandaa kuja huku, na karibu wote huuliza kuhusu kazi, gari na viza. Hakuna anayeuliza nyama ataichomea wapi. Nawashauri waulize, kwa sababu Texas ni jimbo linalojisifu kwa nyama kuliko kitu kingine chochote, na mpangaji wa ghorofa hushiriki sifa hizo kwa macho tu mpaka aisome kanuni ya moto na kujua ni nini hasa kilichokatazwa.

Ipo kanuni iitwayo Kanuni ya Kimataifa ya Moto, ambayo licha ya jina lake kubwa ni ya Marekani zaidi kuliko ya dunia, na miji mingi huichukua na kuirekebisha ipendavyo. Hiyo inakataza kutumia jiko la makaa au jiko lolote la moto wazi kwenye roshani inayoweza kuungua, au ndani ya futi 10, yaani takriban mita 3, kutoka kwenye jengo la aina hiyo. Kanuni nyingine kubwa, ya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, ni kali zaidi, kwani inakataza hata kulihifadhi jiko kwenye roshani. Zote mbili zinawasamehe wakaao katika nyumba za familia moja au mbili. Hapo ndipo donge lilipokaa kooni kwangu: mwenye nyumba yake na uwanja wake anafukiza kifua kizima cha ng'ombe tangu alfajiri, harufu inavuka ua na kuingia dirishani mwangu, na mimi ninayelipa kodi kila mwezi bila kuchelewa natozwa faini kwa jiko lililolala.

Hata hivyo, haki itendeke. Flati zetu za Nakuru ni za mawe ya machimbo na zege, na jiko likianguka sakafuni utachukua ufagio. Majengo ya kupanga ya huku yana mifupa ya mbao kuanzia nguzo hadi paa, na moto ukianza kwenye roshani moja hupanda ukutani hadi darini, na kutoka hapo hutembea juu ya vyumba vya watu waliolala. Nimeona jengo lililoungua namna hiyo, na tangu hapo siwezi kusema kanuni haina maana. Ninachosema ni kwamba inawabana wasio na uwanja peke yao.

Kabla ya kununua jiko lolote, jiulize unakosa kitu gani hasa cha nyumbani, kwa sababu wengi wetu huchanganya kuchoma na kukausha kwa moshi. Mbuzi wa Kikopey, kile kituo cha nyama choma kando ya barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, huchomwa juu ya makaa, moto ukimgusa moja kwa moja, mafuta yakidondoka na kurudi juu kama moshi mfupi. Kama hicho ndicho unacholilia, hakuna jiko la ndani litakalokutuliza, na usipoteze pesa. Majengo mengi ya kupanga yana majiko ya pamoja uani, mara nyingi karibu na bwawa la kuogelea. Nenda huko na mbuzi wako mapema, kabla ya watoto wa watu kuanza kuchoma soseji. Bei ya huyo mbuzi sitaitaja, nisije nikamharibia mtu siku.

Lakini upande wa mama ni wa Kisumu, na nilikulia kwenye mbuta, samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, wa moshi, aliyekuwa akifika Nakuru amefungwa kwa gazeti, mgumu nje na laini ndani, ambaye nusu yake ilitosha kukolezea sufuria nzima ya mchuzi. Magharibi mwa Kenya pia wazee walitundika nyama juu ya uchaga wa jikoni, ikala moshi siku nyingi bila kuguswa na mwali. Chakula cha namna hiyo hutaka joto la chini na muda mrefu, na joto la chini ndilo ambalo kanuni za ghorofani bado zimetuachia.

Wauzaji watakujaribu. Jiko la gesi linaonekana kuwa suluhisho kwa mtu aliyezoea kupikia mtungi wa kilo 6 pembeni mwa kitanda, lakini kanuni ile ya kwanza huruhusu kwenye roshani ya mbao mtungi mdogo tu wa ratili moja, yaani chini ya nusu kilo, ambao hauwezi kumaliza kifua cha ng'ombe kinachohitaji saa kumi na zaidi. Jiko la vidonge vya mbao ni mtego mkubwa zaidi. Lina waya wa umeme na kioo cha tarakimu, na muuzaji atakuapia kwamba ni la umeme, lakini umeme huo huendesha feni na parafujo ya kusukuma vidonge mpaka kwenye kikombe cha chuma vinamoungulia kwa moto halisi. Mkaguzi akikifunua kikombe hicho, hutakuwa na la kusema.

Linalobaki ni jiko la moshi la umeme lenyewe, na ndilo nililonunua. Ni kabati la chuma lenye kipashajoto cha wati 800 hivi chini, sahani ya vibanzi vya mti juu yake, bakuli la maji, na rafu za waya. Vibanzi hufukuta bila kuwaka. La kawaida huuzwa kati ya dola 200 na 300, na joto lake la juu mara nyingi ni nyuzi 135 za Selsiasi, jambo ambalo lina gharama zake: kuku hutoka na ngozi inayovutika kama mpira wa ndani wa baiskeli, hivyo mimi humfikisha nyuzi 74 ndani ya nyama kisha nikammalizia kwenye oveni yenye moto mkali. Ule mduara mwekundu chini ya ganda la nyama, ambao watu wa Texas hupimana nao, huwa hauonekani, kwa kuwa hutokana na gesi za nitrojeni zinazozaliwa na moto wenyewe. Sijali. Kambare wa dukani, aliyelala usiku kwenye maji ya chumvi, akakaushwa kwa hewa mpaka ngozi ikanata kidoleni, kisha akapewa moshi mwepesi na kumaliziwa kwa nusu saa akiwa na joto la nyuzi 66 ndani ya nyama yake, anamkaribia mbuta kuliko chochote nilichopata huku.

Hata la umeme, usilinunue kabla ya kupata ruhusa ya maandishi. Kanuni ya NFPA inataja majiko ya umeme ya mezani yasiyozidi inchi 200 za mraba, eneo la kama sentimita 36 kwa 36, na vifaa vinavyofanana nayo, na kabati kubwa linaweza kuzua ubishi. Mkataba wako unaweza kuwa mkali kuliko kanuni yoyote. Mimi niliokolewa na fundi wa majengo, mzee wa Texas aliyetumwa kuhakikisha kwamba jiko langu la makaa limeondoka. Alilitazama, akasikitika waziwazi, akaniambia niandike barua nikieleza kwamba kifaa ninachotaka hakina mwali, niambatanishe ukurasa wa maelezo ya mtengenezaji, na nisitumie waya mrefu mwembamba wa kuunganishia umeme kwa sababu hupata moto. Kisha akajitolea kunihifadhia jiko la makaa kwenye gereji yake mpaka nitakapopata nyumba yenye uwanja. Faini sikurudishiwa.

Ukinyimwa ruhusa, lipo sanduku la chuma la kuwekwa juu ya jiko la kupikia, lenye mfuniko unaobana na nafasi ya kijiko kimoja au viwili vya unga wa mbao chini ya rafu. Hufaa vipande vya samaki kwa nusu saa, feni ikiwa imewashwa na dirisha wazi, la sivyo king'ora cha moshi kitawatoa majirani wote nje. Yapo pia majiko ya umeme ya ndani ya nyumba yanayomeza moshi wao wenyewe. Moja lilitoka mwaka 2024 kwa karibu dola 1,000, pesa ambazo Njoro wangekuonyesha ng'ombe wa maziwa. Makaa ndani ya nyumba usithubutu hata kwa dakika tano, na watu wa Molo wanaojua baridi na jiko la chumbani hawahitaji kuelezwa jinsi gesi yake inavyoua.

Kuhusu mbao, nina jambo moja linaloniudhi kila niendapo dukani. Mti unaosifiwa zaidi magharibi mwa Texas ni meskiti, na mfuko wake mdogo wa vibanzi huuzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Huyo ni ndugu wa damu wa mathenge wetu wa Marigat, ule mti ulioletwa Baringo kuzuia jangwa, ukameza malisho na kung'oa meno ya mbuzi hadi wenyeji wakaishtaki serikali. Nyumbani tunaukata kwa laana na kuuchoma makaa; huku naununua kwa kadi. Moshi wake ni mkali, na kwa samaki nashauri mwaloni au mtofaa.

Wanaotaka niwatumie jiko hili Kenya nawaomba waache. Ni la volti 120, na umeme wa nyumbani ni wa volti 240. Utahitaji transfoma nzito, kisha saa sita za tokeni za umeme kwa samaki ambaye mama wa sokoni Kisumu amekwisha kumtoa motoni asubuhi.