Siku moja na dagaa walioitwa sardini

Saa 10:40 alfajiri

Nikishuka kwenye bodaboda hapa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wabeba mizigo wameshalowa jasho. Harufu ya dagaa wakavu imeingia kila mahali, hata kwenye noti utakayopewa chenji. Kazi yangu ni uwakala wa forodha, na wengi hudhani ni kazi ya kukaa ofisini na muhuri. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Ila mzigo ambao sijauona kwa macho yangu siuandikii karatasi. Nilishafanya hivyo mara moja nikajuta miezi mitatu.

Leo naangalia magunia 140 ya mama mmoja wa Ukerewe. Namwita shangazi, si kwa damu bali kwa kuwa alimjua baba.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, mwanangu. Umekunywa chai?"

Sijanywa, na anajua. Anachovya mkono kwenye gunia, anatoa dagaa kiganjani na kuwavunja mmoja mmoja. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akipinda, alinyeshewa kabla hajakauka, na huyo ataota ukungu kabla ya kufika popote. Kisha anamtia mmoja mdomoni na kumtafuna taratibu, anasikilizia mchanga. Wanaoanikwa chini husaga meno. Wa kwenye chanja hawasagi, na bei yao iko juu. "Wa chanja hawa," anasema, na mimi naandika. Anaongeza kwamba giza limerudi, mitumbwi imeingia ziwani tangu juzi, kwa hiyo wiki hii bei itashuka. Kukiwa na mbalamwezi dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika na sisi sote tunapumzika nao bila kupenda.

Saa 1:30 asubuhi

Ofisi yangu ni chumba kimoja, meza mbili, printa moja yenye tabia zake na kijana mmoja wa kuchapa. Chai, chapati mbili.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: gunia la dagaa likivuka mpaka kwa gari linatembea na familia ya makaratasi. Ankara, orodha ya mzigo, kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi, cheti cha afya, na mkubwa wao, cheti cha uasili wa bidhaa. Hicho ndicho kinachosema dagaa hawa wamevuliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza kazi Januari 2005, na maana yake kwa shangazi ni moja tu: mwenye cheti anapita bila ushuru wa forodha, asiye nacho anahesabiwa kama ametoka China. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake kilichorahisishwa. Wauza dagaa wadogo wengi wangefaidika nacho kama wangeambiwa kipo.

Saa 3:15

Simu ya dereva. Sauti yake tu inatosha.

"Mzee, mzigo umekwama."

Ni mzigo wa juzi wa shangazi huyohuyo, umefika mpaka mmoja ambao sitautaja kwa sababu kesho kutwa nitapita tena hapohapo. Afisa wa upande wa pili amelinganisha karatasi. Cheti cha uasili kinasema "dagaa wa Ziwa Victoria, waliokaushwa". Ankara inasema "sardini wakavu".

Namtazama kijana wangu. Anatazama printa.

"Bosi, yule mnunuzi aliniambia sardini linasomeka vizuri kwa watu wake."

Hoja ya afisa ni kwamba sardini ni samaki wa baharini. Ziwa Victoria halina sardini. Kwa hiyo cheti hiki si cha mzigo huu, na mzigo usio na cheti ni mzigo wa nje, ulipiwe ushuru wa pamoja wa nje, ule ambao nchi za Jumuiya hutoza bidhaa zinazotoka nje yake. Ushuru huo ulianza ukiwa na ngazi tatu, asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ipo ngazi ya nne ya 35. Ukipiga hata hiyo 25 kwenye thamani ya lile gari, faida ya shangazi inakwisha na mtaji unaanza kuliwa.

Najua unachofikiria: afisa alitaka kitu kidogo. Hakutaka. Dereva alijaribu kumpima, akakemewa. Huyu alikuwa amesoma tu, na mtu aliyesoma ukikosea karatasi huna pa kumshikia. Kosa ni letu.

Nikawaza njia nilizonazo. Jumuiya ina sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru, na ina Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha. Vyote vizuri. Lakini gari lililoegeshwa linalipiwa kila siku, dereva anakula kila siku, na mvua ya huko haiulizi. Nikaamua: ankara mpya, barua ya masahihisho, nakala ya kibali cha uvuvi kuonyesha ni ziwa gani. Mtandao ukawa chini. Ukarudi saa 4:50. Tukatuma.

Saa 5:30

Nikaenda kiwandani kufuata karatasi za minofu ya sangara inayokwenda Ulaya. Hii ni dunia nyingine kabisa: viatu vya mpira, kofia za nywele, maji ya klorini mlangoni, kila boksi lina namba. Vipimo vya maabara ya taifa ya samaki pale Nyegezi lazima viwepo, na hakuna anayebishana navyo.

Nilikuwa bado mwanafunzi mwaka 1998 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wabichi kutoka kwetu, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu. Tanzania ilipeleka malalamiko kwenye kamati ya Shirika la Biashara Duniani inayosimamia mkataba wa afya ya chakula, wanyama na mimea, mkataba unaosema nchi ikizuia bidhaa iwe na ushahidi wa kisayansi. Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya chakula cha biashara ni ndogo, na mwaka huohuo kizuizi kikaondolewa. Mwaka uliofuata kikaja kingine, safari hii kwa madai ya wavuvi kutumia sumu. Wazee wa Mwaloni bado wanaihesabu miaka kwa vile vizuizi viwili.

Sangara wa Tanzania leo anaingia Ulaya bila ushuru, na watu wengi hapa mjini hudhani ni kwa sababu tulisaini mkataba. Hatukusaini. Mazungumzo ya Mkataba wa Ubia wa Uchumi kati ya Jumuiya yetu na Ulaya yalikamilika Oktoba 2014. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda wakasaini, Tanzania ikakataa kwa kuhofia viwanda vyake vichanga. Mwishowe Kenya ikaenda peke yake, ikasaini Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi Julai 2024. Sisi tunapita kwa mlango mwingine: tungali kwenye orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, na tangu 2001 nchi hizo zinaruhusiwa kuuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila kulipa ushuru. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, ndiyo maana ilikuwa na haraka. Ziwa moja, Jumuiya moja, na samaki aliyeogelea upande huu wa mstari ana karatasi tofauti na wa upande ule.

Saa 7:30 mchana

Ugali na sato kwa mama ntilie. Shangazi yupo, wenzake watatu wapo, na habari ya gari imeshawafikia kabla sijakaa.

"Yaani wametunyima njia kwa jina?"

Nikawaambia hawako peke yao, kuna nchi nzima ilishanyimwa njia kwa jina. Mwaka 1989 Ulaya waliweka kanuni kwamba sardini ni samaki wa aina moja tu, anayepatikana hasa Atlantiki ya mashariki na Mediterania. Peru wana samaki wao wa Pasifiki, ndugu yake huyo, ambaye kanuni za kimataifa za chakula zinaruhusu aitwe sardini mradi utaje ametoka wapi. Ulaya wakasema hapana. Peru wakawashtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, Ulaya wakakata rufaa, na Septemba 2002 Peru wakashinda.

"Nchi ndogo ikawapiga Wazungu wote hao?" akauliza mmoja.

Wote kwa mara moja, nikamjibu, na hapo ndipo penye utamu. Kule Geneva, kwenye makao ya shirika hilo, Umoja wa Ulaya ni mwanachama kwa jina lake wenyewe. Nchi zake nazo ni wanachama, lakini kwenye kesi anayesimama ni Umoja. Ukiwashtaki umewashtaki wote, wakikushtaki wamekushtaki wote. Jumuiya yetu haina kiti kule. Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina chake tangu shirika lianze Januari 1995. Tuna ushuru mmoja wa nje, lakini midomo ni mingi. Mimi naona hapo ndipo tunapopoteza, na nimelisema hilo kwenye vikao viwili vya wafanyabiashara. Vyote viliishia kwenye soda.

Shangazi akachambua mwiba. "Sisi tumeshawahi kumshtaki mtu?"

Hatujawahi. Katika nchi zote za kundi letu la maendeleo duni, iliyowahi kufungua kesi ni Bangladesh pekee, dhidi ya India, mwaka 2004, na kesi yenyewe ilihusu betri. Na ukitaka kujaribu leo, Chombo cha Rufaa cha shirika hilo hakijaweza kusikiliza shauri tangu Desemba 2019. Kinahitaji majaji watatu kwa kila rufaa, Marekani ikagoma kuafiki wapya, waliokuwepo muda wao ukaisha. Anayeshindwa akikata rufaa, kesi inaning'inia hewani.

"Basi hata mkataba wao wa ruzuku za uvuvi nao hautusaidii," akasema mama wa pembeni, ambaye sikujua kwamba husikiliza taarifa ya habari kwa makini kuliko mimi. Nikamwambia ule unahusu uvuvi wa baharini tu. Maziwa yameachwa nje, kwa maandishi. Akacheka mpaka akapaliwa.

Saa 10 jioni

Kimya. Nimempigia dereva mara nne. Mara ya tano hakupokea, na namwelewa.

Saa 2:20 usiku

Niko nyumbani Nyakato, sijavua hata soksi, simu inaita. Afisa amepokea barua, amemwita mkubwa wake, wamefungua gunia moja na kuangalia. Dereva anasema mkubwa alimchukua dagaa, akamvunja, akasikiliza, akasema, "Kwetu tulikulia hawa hawa." Muhuri ukagongwa. Siku mbili za maegesho tunalipa wenyewe, nusu nitamkata kijana na nusu nitajikata mimi, maana sahihi kwenye ankara ni yangu.

Nikampigia shangazi. Akaniambia "Mungu ni mwema", halafu papo hapo: kesho ana magunia 60 ya Kisumu.

Nikampigia kijana asije akasahau.

"Huko niandike omena, kama wanavyowaita dagaa, bosi?"

"Andika dagaa. Na mbele yake weka jina la kisayansi, lile halibadiliki mpakani. Chukua kalamu. Rastrineobola argentea."

Kimya kirefu.

"Bosi, nitajie tena herufi moja moja."