Mahame ya Hirta

Nilishuka kisiwa cha Hirta mwezi Juni 2018 nikiwa nimelowa mpaka soksi, na tumboni sina kitu, maana nilichokula asubuhi nilikitapika chote njiani. Tulikuwa tumeondoka Leverburgh, bandari ndogo ya kisiwa cha Harris huko Uskoti, saa mbili asubuhi, na boti ikakata maji karibu saa tatu nzima kuelekea magharibi. Mimi ni mtoto wa Lindi. Bahari nimeizoea tangu utotoni, lakini ile ninayoijua ina matumbawe yanayoyapunguza mawimbi nguvu kabla hayajafika pwani. Atlantiki ya kaskazini haina cha kuizuia. Mawimbi yalikuja marefu, ya kijivu, na ingawa ulikuwa msimu wao wa joto, upepo uliuma masikio.

Nilikwenda na mkunga mwenzangu, dada mzaliwa wa kisiwa cha Lewis ambaye Kigaeli ndiyo lugha ya kwao. Yeye ndiye aliyenisimulia habari za St Kilda, visiwa vilivyojitenga kiasi cha kilomita 64 kutoka kisiwa cha North Uist. Hirta ndicho kikubwa kati yao. Watu waliishi pale karne na karne, hadi tarehe 29 Agosti 1930, walipokuwa wamebaki 36 tu, wakapanda meli HMS Harebell, wote, wakaondoka. Leo hakuna mkazi wa kudumu. Wapo wafanyakazi wa msimu wanaokitunza kisiwa, na wengine wa kituo cha rada cha jeshi.

Boti haikuweza kufunga gatini, tukashushwa kwa boti ya mpira, wachache wachache. Mlinzi wa kisiwa alitupokea akatukumbusha tukague mifuko yetu kama haina panya. Hakuwa anatania. Ndege wa pale hutaga ardhini na kwenye magenge, na panya wakiingia hawabakizi yai.

Kisha tukapanda mtaani. Ni mtaa mmoja tu, nyumba 16 za mawe zilizojengwa miaka ya 1860, zimejipanga upinde zikitazama ghuba. Chache zimeezekwa upya. Zilizobaki ni kuta, nyasi zimeota sebuleni, na kondoo wadogo wa rangi ya kahawia wanalala pale palipokuwa na moto. Ndani ya kila gofu kuna kibao cha jiwe chenye jina la mtu wa mwisho kuishi humo. Mwenzangu aliyasoma majina kwa matamshi ya Kigaeli, taratibu, nyumba hadi nyumba, na sauti yake ikabadilika.

Mimi neno lililonijia ni moja: mahame. Bibi mzaa mama alihamishwa mwaka 1974, watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Nikiwa na miaka tisa mama alinipeleka palipokuwa kwao. Hapakuwa na ukuta hata mmoja, udongo ulikuwa umerudi kuwa udongo. Mama alisimama chini ya mwembe, akahesabu hatua, akasema, “Hapa ndipo jikoni kwa bibi yako.” Sikuona kitu, lakini nilimwamini.

Mlimani juu ya mtaa vimetapakaa vibanda vya mawe, zaidi ya 1,200 kisiwani kote, vimejengwa bila udongo wa kushikiza, na juu vimefunikwa kwa majani na mizizi yake. Nilichungulia kimoja. Upepo unapita katikati ya mawe, mvua haiingii. Ndivyo walivyokausha ndege wa baharini waliokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Wanaume waliwafuata kwa kamba kwenye magenge ya mlima Conachair, ambao kilele chake ni mita 430. Kwa macho yangu vile ni vihenge tu, ghala za watu waliojua njaa inakuja mwezi gani.

Nilikaa muda mrefu zaidi makaburini. Ni uwanja mdogo uliozungushiwa ukuta, na mawe mengi hayana maandishi. Katika karne ya 19 pepopunda iliwaua watoto wachanga wa Hirta hata ikafika waliokufa wakawazidi waliopona. Wengi hawakumaliza wiki mbili. Mchungaji wa kisiwa, Angus Fiddes, alisafiri hadi Glasgow kujifunza ukunga na usafi wa kitovu, akarudi, na miaka ya 1890 balaa lile likakoma. Nimekata vitovu vingi maishani mwangu, na kila mara nahakikisha chombo ni safi. Pale nilipiga magoti kwenye nyasi zenye maji nikawaombea wale watoto, na mama zao zaidi.

Watu wa Hirta hawakufukuzwa na mtu. Waliandika wenyewe barua Mei 1930 kuomba waondolewe, kwa kuwa vijana walikuwa wamekwenda zao na mikono iliyobaki haikutosha kazi. Asubuhi ya kuondoka waliacha katika kila nyumba Biblia iliyofunuliwa na shayiri kidogo. Mbwa wao waliwazamisha ghubani. Hilo la mbwa mwenzangu alilisema akiwa amenipa mgongo.

Usiku ule, tukiwa tumerudi Leverburgh, nilimpigia mama nikamweleza yote. Alisikiliza, halafu akauliza, “Na miti yao je?”

“Hakuna mti, mama. Kisiwa kizima.”

“Hata mmoja?”

Nikamwambia hata mmoja, na kwamba baadhi ya wanaume wale walipofikishwa bara, huko Morvern, walipewa kazi ya misitu. Mama alinyamaza. Nilimsikia akivuta pumzi.

“Sasa mwanangu, mtu wao akirudi, atajuaje kwamba hapa ndipo kwao?”

Nikamweleza habari za vibao.

“Umevipiga picha?”

“Nimevipiga.”

“Basi nisomee.”

Nikaiweka simu mezani, nikawasha kamera, nikaanza na nyumba ya kwanza.